Miezi minne ya kubuni kadi za Pokémon kwa Kiswahili hapa Moshi: Inkscape, steshenari na watoto wa kaka yangu

Mwaka jana mgeni mmoja aliyekuja kupanda mlima aliwaachia watoto wa kaka yangu fungu la kadi za Pokémon. Fungu moja, kadi 60, zote za Kiingereza. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo la tatu, na kila ilipofika zamu ya mdogo mchezo ulisimama mpaka apatikane mtu wa kumsomea. Mtu huyo nilikuwa mimi. "Shangazi, hii inasemaje? Na hii?" Halafu fungu moja halitoshi watu wawili, maana kila mchezaji anatakiwa awe na kadi 60 zake.

Mchezo huu, ambao kila mchezaji anatumia kadi zake kupiganisha madubwana, ulianza kuchapishwa Japani mwaka 1996, Kiingereza kikafuata 1999, na siku hizi unapatikana hata kwa Kithai na Kiindonesia. Kiswahili hakimo. Nikaamua fungu la pili nilitengeneze mwenyewe, kwa Kiswahili, na madubwana yatoke huku kwetu. Ninaandika uzoefu huu kwa sababu nilipokuwa naanza nilitafuta mtu wa kuniambia inafanyikaje kwa vifaa vya Moshi, sikumpata.

Nilianza na programu ya simu, sitaitaja. Nilipomaliza kadi ya kwanza ikabandika nembo yake katikati ya picha na kunitaka nilipie ndipo iondoke. Jioni hiyo hiyo nikahamia Inkscape, programu ya kuchorea, kwenye laptop yangu ya zamani yenye RAM ya GB 4. Ni ya bure kabisa na haina nembo ya kukubandikia. Siku tatu za kwanza zilikuwa ngumu, sikatai, kwa sababu ina vitufe vingi na sikujua kipi kinafanya nini. Baada ya hapo niliipenda, na bado naipenda.

Unachofanya kwanza ni kuweka ukubwa wa ukurasa kwa milimita. Kadi halisi ni 63 kwa 88. Ongeza milimita 3 kila upande ili mkasi ukipotoka kidogo usiache ukingo mweupe, yaani chora 69 kwa 94. Kisha panga matabaka: fremu chini na uifunge isisogee, picha juu yake, maandishi juu kabisa. Kitu kilichoniokolea muda kuliko vyote ni nakala pacha. Alama ya moto nimeichora mara moja tu, zile nyingine zote kwenye faili ni pacha wake; nikibadili rangi ya ile mama, zote zinafuata. Picha zenyewe nachora kwa penseli, napiga na simu mchana karibu na dirisha, halafu Inkscape inafuatisha mistari na kuigeuza michoro inayoweza kukuzwa bila kuchakaa.

Sasa maandishi, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko popote. Mwanzoni nilikuwa nachukua sentensi ya kadi ya Kiingereza na kuitafsiri neno kwa neno. Ikawa ndefu mno. Kisanduku kikajaa, nikapunguza herufi, na zilipochapishwa mdogo akaisogeza kadi hadi puani na bado hakusoma. Nikaacha kutafsiri. Nikakaa barazani nikawasikiliza wanavyoongea wakicheza karata za kawaida: changa, kata, vuta, tupa, lala. Maneno yote yapo, mafupi, na mtoto anayajua kabla hajaanza shule. Nilichokuwa nimeandika kwa mistari mitatu kikawa "Tupa nishati 2." (Nishati ni kadi unazoliwekea dubwana ili liweze kupiga.) Kingine kikawa "Dubwana hili halipigi zamu ijayo." Herufi zikarudi kwenye ukubwa wa pointi 8, na sishauri mtu ashuke chini ya 7.

Sarafu nayo ilinipa kazi. Kadi nyingi zinakutaka urushe sarafu, na neno "kichwa" halikuwaingia watoto. Nikaandika hivi kwenye kadi ya perere, yule mnyama mdogo wa msituni: "Rusha shilingi 100. Akitokea Mwalimu, piga 20 zaidi. Wakitokea swala, piga 10 tu." Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza. Na huyo perere, kwa waliolala Marangu au Machame wakasikia kelele zake usiku, nimempa shambulio linaloitwa Ukelele wa Usiku: dubwana lako lolote lililolala linaamka. Ana uhai 50 tu, yaani mapigo yakifika 50 anatoka, lakini mdogo hamwachi.

Kuhusu nguvu za kadi, nilikosea na kosa hilo lilinifundisha. Nilitaka dubwana la Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano, liwe kubwa kama mlima wenyewe. Uji wa mlima ule hutoka mweusi, una joto la nyuzi kama 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, na ukipata unyevu hugeuka mweupe. Wazo zuri kwa kadi! Nikalipa uhai 200, pigo la 120 kwa nishati mbili, bila udhaifu wowote. Mkubwa alimaliza michezo minne mfululizo kwa kadi hiyo moja. Mchezo wa tano mdogo akaweka kadi zake chini kimya akaenda nje.

Usiku huo nikaiangalia kadi ya Charizard, dubwana la moto, ya toleo la kwanza la Kiingereza la mwaka 1999, ile iliyochorwa na Mitsuhiro Arita. Uhai 120, pigo 100. Lakini pigo hilo linadai nishati nne za moto, na ukipiga unatupa mbili. Juu ya hayo lazima uanze na dubwana dogo, Charmander, likue liwe Charmeleon, ndipo umfikie, na madubwana ya maji yanampiga maradufu. Kumbe kila nguvu ina bei yake, na bei hiyo mchezaji anailipa mezani, mbele ya mwenzake. Lengai wangu sasa ana uhai 130, pigo 90 kwa nishati tatu, na akipigwa na maji anageuka mweupe: haumii maradufu, ila zamu inayofuata hapigi. Mdogo amemfunga kaka yake kwa kadi hiyo mara kadhaa, na mkubwa naye vilevile.

Uchapishaji. Ukurasa wa A4 unabeba kadi 9, safu tatu kwa tatu, ukizibana bila ule ukingo wa ziada, kwa hiyo fungu la kadi 60 ni kurasa 7. Steshenari niliyoanza nayo, karibu na stendi, ilinichapia kurasa zote saba kabla sijaangalia hata mmoja. Printa ilikuwa imewekwa ipunguze picha ili itoshe kwenye karatasi, kadi zikatoka na upana wa milimita 61. Mbili hizo unaweza kusema si kitu, lakini ukizichanga pamoja na kadi halisi kidole kinazijua, na mtoto akishajua kadi ijayo ni ipi mchezo umekwisha. Rangi nazo zilitoka nzito. Anga ya usiku niliyoipaka bluu juu ya Kibo ilikuwa nyeusi tii. Nilirudi kulalamika, yule kijana akaniambia, "Dada, mimi nimechapa ulicholeta." Sikurudishiwa hela.

Sasa nina utaratibu. Natoa faili la PDF, na pembeni mwa ukurasa nachora mstari wa milimita 50. Naomba ukurasa mmoja tu wa majaribio, ichapwe kwa asilimia 100, nauwekea rula hapo hapo kaunta. Ukisoma 50, tunaendelea. Rangi naziongezea mwanga nyumbani kabla ya kwenda. Steshenari ninayotumia siku hizi wananitoza shilingi 2,000 kwa ukurasa wa rangi kwenye karatasi nzito ya gramu 300, na dada wa pale ameshanizoea, rula anaitoa mwenyewe.

Kulamineti sishauri. Nililamineti kadi 18 zikawa zinateleza, ukizipanga zinaporomoka, na kuzichanga haiwezekani. Kinachofanya kazi ni vile vifuko vya plastiki vya kadi. Hapa mjini sijaviona dukani, nimeagiziwa kutoka nje. Ukivipata huhitaji hata karatasi nzito: chapa kwenye karatasi ya kawaida, ingiza mbele ya karata kuukuu yenye ukubwa unaolingana, basi.

Mgongo wa kadi nimeuwekea mchoro wa kitenge, sikunakili ule wa Pokémon. Hizi ni kadi za nyumbani. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliki, na kuziuza ni kula jasho la wenye mchezo wao, kwa hiyo wanaoniuliza bei nawajibu kwamba nitawafundisha kuchora.

Kadi ninayoipenda kuliko zote haina dubwana. Inaitwa Jani la Sale. Wachagga wanajua: aliyekosea akija na jani la sale mkononi, humfukuzi. Kadi inasema, "Mwoneshe mwenzako. Zamu hii hakupigi. Kisha mpe kadi hii aiweke mkononi mwake." Nilibishana na kaka yangu kuhusu hiyo sentensi ya mwisho, yeye alitaka itupwe kama kadi nyingine. Nikasema jani la sale halitupwi. Jumapili iliyopita nimewaangalia wakicheza, ikaenda kwa mdogo, ikarudi kwa mkubwa, ikaenda tena, na kila inapopokewa wanaishika kwa mikono miwili. Hilo sikuliandika kwenye kadi.