Dawa za asili za wadudu wa njegere: ipi ununue kwanza, ipi iwe ya mwisho

Ukiingia duka la pembejeo ukasema njegere zako zimeingiliwa na wadudu, mara nyingi utakabidhiwa chupa kabla ya kuulizwa ni wadudu gani. Hapo ndipo fedha inapopotea. Dawa nzuri ya funza haiwagusi vidukari, na inayowamaliza vidukari haimfikii funza aliyekwisha kuingia ndani ya ganda. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani geuza majani uangalie chini yake, kisha pasua maganda mawili matatu.

Kwenye bustani za nyanda za juu, iwe Lushoto, Njombe na Mbeya au Kinangop na Meru wanakoziita minji, wasumbufu wakubwa ni wanne. Vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, hujazana kwenye ncha changa na kunyonya utomvu mpaka majani yanate na kujikunja. Thripsi hukwaruza maua na maganda machanga yakabaki na makovu ya rangi ya fedha. Mabuu ya inzi wachimba majani huacha mistari myeupe inayopindapinda ndani ya jani. Funza wa vitumba hutoboa ganda na kula punje. Kwa bustani ya nyumbani vidukari ndio kero ya kwanza, na mpangilio wangu umefuata hivyo.

1. Sabuni laini ya potasi na bomba dogo la mkono

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua hiki. Sabuni huwaua wadudu wenye ngozi laini kwa kuharibu utando unaowazuia kukauka. Ikishakauka haina nguvu tena, kwa hiyo mdudu kibibi atakayefika kesho kula vidukari waliobaki hatadhurika.

Chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, yenye chumvi za potasi za asidi za mafuta. Kipimo cha kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, lakini lebo ndiyo ya kufuata. Usiweke unga wa kufulia: huo ni kemikali nyingine kabisa na huunguza majani. Maji ya chumvi au ya kisima yasiyotoa povu hudhoofisha sabuni, hivyo kinga maji ya mvua ukiweza. Jaribu kwanza kwenye mimea michache, kisha subiri siku moja au mbili.

Bomba liwe na ncha inayoweza kuelekezwa juu, kwa sababu dawa isiyofika chini ya jani haijafika popote. Na lisiwe limewahi kubeba dawa ya magugu.

Jambo moja la kutazama kwa karibu: kati ya vidukari wa kijani utaona wengine wamevimba, wana rangi ya kahawia na hawatikisiki. Hao wameshatagiwa na nyigu mdogo sana, ambaye anakua ndani yao. Ukiwaona wengi, acha kupuliza kwa siku kadhaa. Kazi inafanyika bila gharama yako.

2. Wavu wa kuzuia wadudu

Bei yake ya mwanzo ni kubwa kuliko chupa yoyote, lakini hutumika misimu mingi. Njegere hujichavusha zenyewe, tofauti na maboga na matango, kwa hiyo wavu unaweza kubaki tangu kupanda hadi kuvuna bila kungoja nyuki. Matundu ya takriban milimita 0.8 huzuia nondo wa funza, lakini vidukari na inzi wachimba majani walio wadogo wanaweza kupenya. Thripsi watapita. Uwekwe mapema, kingo zifukiwe udongoni, na uwe juu ya kutosha mimea ipande miti yake ya kuegemea. Ukifunika wadudu wakiwa tayari ndani, umewafungia karamu.

Wengi huniuliza kuhusu chandarua cha zamani. Vyandarua vingi vya mbu vimetiwa viuadudu vya kutengenezwa kiwandani, kwa hiyo kwenye kilimo hai havifai.

3. Mafuta ya mwarobaini

Kuna ugumu hapa: njegere hupenda baridi na mwarobaini hupenda joto. Aliyeko Dodoma au pwani anaweza kuokota mbegu, akaponda gramu 50 za kokwa kwa kila lita ya maji, akaloweka usiku kucha na kuchuja. Aliyeko Njombe atanunua mafuta tu, na kwenye baridi yatamgandia chupani. Yakiganda hayajaharibika, tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

Soma lebo utafute neno azadiraktini, maana ndilo linalofanya kazi. Zipo chupa zenye asilimia 0.03 na zipo zenye asilimia 1, na kiasi cha kuchanganya kinatofautiana sana. Chupa isiyotaja chochote, iache. Mafuta hayachanganyiki na maji bila sabuni kidogo, na mchanganyiko utumike siku hiyohiyo.

Mwarobaini hauui papo hapo. Humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua ngozi ili akue. Wanaotarajia maiti kesho asubuhi huona wameibiwa, kumbe dawa inafanya kazi yake. Pulizia jioni, rudia baada ya siku saba. Nimeuweka wa tatu kwa sababu ya polepole hiyo, ila dhidi ya thripsi ningeupandisha.

4. Bt

Ni bakteria, *Bacillus thuringiensis*, na kwa funza wa vitumba aina ya kurstaki ndiyo ya kutafuta. Funza lazima aile akiwa mdogo, kabla hajajichimbia ndani ya ganda. Nunua ukianza kuona mayai au funza wachanga kwenye maua, pulizia jioni kwa kuwa jua huiharibu haraka, na uangalie tarehe ya kuisha kabla ya kulipa. Kwa vidukari haina faida hata kidogo.

5. Mitego ya gundi

Ya njano hunasa inzi wachimba majani na vidukari wenye mabawa, ya bluu hunasa thripsi. Ni rahisi, lakini kazi yake kubwa ni kukuonya mapema. Peke yake haiokoi bustani.

6. Pareto

Inalimwa nyanda zilezile za njegere, Njombe, Mbeya na Nakuru, na inaua haraka kuliko zote. Kwa nini basi ya mwisho? Kwa sababu haichagui. Inaangusha vidukari pamoja na wadudu kibibi na nyuki, na samaki hawaistahimili kabisa. Iwe ya dharura, jioni, mbali na mtaro au bwawa.

Hapa ndipo wanunuzi wanapodanganywa zaidi. Kwenye lebo tafuta pirethrini, kiini chenyewe cha pareto. Ukikuta permethrin, cypermethrin, deltamethrin au lambda-cyhalothrin, hizo ni za kiwandani hata kama ua la pareto limechorwa kwenye chupa. Ukikuta piperonyl butoxide, kiongeza nguvu hicho nacho ni cha kiwandani.

Kwa dawa yoyote, angalia namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda usiinunue kwa bei yoyote: huijui ni nini, na watoto nyumbani hawajui si soda.