Keshia au supavaiza: kipi kinalipa Malindi?
Keshia wa supamaketi hujibu droo yake ya pesa tu: asubuhi anahesabu floti (pesa za chenji za kuanzia siku), jioni anafunga hesabu. Supavaiza hujibu droo zote, stoo, ratiba ya zamu na mteja aliyekasirika.

Pesa ndipo wengi hukosea. Keshia wa shilingi 120 kwa saa, akilipwa saa za ziada mara moja na nusu, hupata 180. Saa 20 kwa mwezi ni 3,600. Ukipandishwa cheo kwa nyongeza ya 3,000 huku saa za ziada zikifutwa, umeshuka. Lakini msimu wa watalii, unaoleta saa hizo, una mwisho. Masika yakiingia, saa za ziada hukauka, nyongeza hubaki. Kwa hivyo piga hesabu ya mwaka mzima, si ya Desemba.

Hatari kubwa ni upungufu wa pesa kwenye droo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu ukatwe mshahara kwa upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wako, iwapo mkataba umekukabidhi pesa waziwazi. Makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mkataba ukisema supavaiza hulipia droo za wenzake, usitie sahihi, hata nyongeza iwe nono. Ukikubali cheo, kila zamu zikibadilishana, hesabu pesa pamoja na keshia, nyote wawili mtie sahihi.