Tiketi za Basi Mtandaoni, Tanga hadi Dar: Huduma Nzuri, Tarehe na Saa Bado

Kampuni moja ya mabasi yanayotoka stendi ya Kange, hapa Tanga, kwenda Dar es Salaam sasa inauza tiketi kwa fomu ya mtandaoni, na kwa mengi inastahili sifa: viti vinaonekana vilivyopangwa, malipo ya simu yanapita bila kukwama, na tiketi hufika kwa ujumbe mfupi papo hapo. Kasoro ziko kwenye visanduku viwili tu, cha tarehe na cha saa, navyo ndivyo vinavyoamua kama abiria atasafiri au atabaki stendi.

Saa ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Fomu inaorodhesha safari za 06:00, 12:00 na 14:00 bila neno lolote pembeni. Mama anayetaka basi la alfajiri, analolijua tangu zamani kuwa huondoka saa kumi na mbili, ataigusa 12:00 bila wasiwasi wowote, kisha atafika Kange na mizigo yake kukiwa bado na giza, aambiwe kwamba kiti chake ni cha basi la adhuhuri. Siwezi kukubali kwamba huyo ndiye aliyekosea, maana tofauti ya saa sita kati ya saa yetu na saa ya kompyuta inajulikana na kila anayeishi hapa, na mwenye kutengeneza fomu alipaswa kuitangulia. Iandikwe tu: saa 12:00 asubuhi, yaani 06:00. Kwa safari za usiku, zilizoruhusiwa tena mwaka 2023, iongezwe "usiku wa kuamkia Jumamosi", kwa kuwa basi la saa 6:30 usiku limeshaingia tarehe nyingine, na wapo wazee wetu wanaohesabu siku kuanzia magharibi.

Kisanduku cha tarehe hupokea tarakimu bila kusema kipi kitangulie, siku au mwezi, na simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi. Anayeandika 05/04/2026 akikusudia Aprili anaweza kupewa tiketi ya Mei. Ubaya ni kwamba kosa hili hujificha katika siku 12 za mwanzo wa mwezi. Kuanzia tarehe 13 fomu hukataa yenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Mwezi ukiandikwa kwa jina, na siku ya wiki ikatajwa kabla ya malipo, abiria atashtuka mwenyewe: 5 Aprili 2026 ni Jumapili, 4 Mei ni Jumatatu.

Siku zilizopita zimefungwa, na hilo ni jema. Lakini kiti kikikosekana, fomu hurudisha tarehe ya leo kimyakimya, jambo linalopaswa kuondolewa mara moja.

Kwa sasa, mwenye kuzoea saa za tarakimu anunue humo bila hofu, ila asome tena tarehe na saa kabla ya kulipa. Anayemkatia mzazi wake safari ya alfajiri, aende dirishani Kange.