Kibao cha mpiga bunduki wa Lancaster: kazi ya karakana ya mawe, Mtwara mjini

Kibao chenyewe ni graniti nyeusi, sentimita 40 kwa 30, unene sentimita 2, uzito kama kilo 6 na nusu. Kimechongwa na karakana ndogo ya mawe ya makaburi Mtwara mjini, kikapachikwa kwenye ukuta wa nyumba ya zamani Mikindani. Kinamkumbuka sajini wa Jeshi la Anga la Uingereza, mpiga bunduki wa nyuma wa Lancaster, ndege ya kudondosha mabomu, aliyeuawa katika shambulio la Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1944. Ndugu zake waliwahi kuishi huku Kusini.

Herufi zimetoka vizuri mno. Zimechimbwa kwa mchanga wa kupuliziwa, kina cha milimita 2. Ukipitisha ukucha, unazama. Rangi nyeupe ikichujuka unaipaka upya ndani ya mfereji uleule. Maandishi ya leza hukwaruza juu juu tu, hayana pa kushikia rangi, hivyo wakikushawishi kwa bei nafuu ya leza, kataa.

Maneno ndiyo yanataka macho ya mteja. Rasimu ya kwanza ilimwita "rubani". Lancaster ilibeba watu 7, na rubani alikuwa mmoja tu. Ya pili ikasema "mlenga mabomu", ambaye ni mtu mwingine kabisa: yeye hulala kifudifudi puani mwa ndege. Mpiga bunduki wa nyuma alikaa mkiani peke yake, na bunduki zake 4 za Browning, kwenye baridi kali, mbali na wenzake wote. Kukosea kazi yake ni kumtoa kwenye kiti alichofia. Karakana huchapa rasimu kwenye karatasi ya ukubwa uleule wa jiwe na kusahihisha bila kinyongo, basi itumie nafasi hiyo.

Tarehe nayo ina mtego. Ndege ziliruka usiku wa 30 Machi; 95 hazikurudi, nyingi ziliangushwa baada ya saa sita usiku, yaani tayari ni 31. Fuata rekodi ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ipo bure mtandaoni. Na kama marehemu hana kaburi linalojulikana, usiandike "amezikwa". Wanahewa zaidi ya 20,000 wa namna hiyo wameandikwa majina kwenye mnara wa Runnymede, Uingereza.

Kupachika ndiko walikoteleza. Walikuja na skrubu za chuma cha kawaida, ambazo kwa hewa ya chumvi ya Mikindani hushusha michirizi ya kutu juu ya jina. Dai stenlesi ya 316, yaani chuma kinachostahimili kutu ya chumvi. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo plagi ya plastiki huzunguka bure, chokaa kikimomonyoka. Toboa sentimita 8, puliza vumbi lote, jaza epoksi (gundi ngumu), ingiza skrubu, na usitundike jiwe mpaka kesho yake. Saruji usiiruhusu nyuma ya kibao: inafungia unyevu na chumvi ndani, plasta inabanduka na jiwe linaning'inia.

Nyota 4 kati ya 5.