Mofini ya maji na timu inayoileta nyumbani: tathmini ya anayemuuguza mzee

Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, haina boksi la kuvutia wala karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Huja katika chupa ya plastiki iliyobandikwa lebo ya kuandikwa kwa mkono, na huwezi kuinunua katika duka la dawa la mtaani, kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa na hutolewa hospitali kwa cheti cha mtaalamu mwenye idhini. Hata hivyo, kwa familia inayomuuguza mzee mwenye saratani iliyosambaa, sijaona huduma nyingine inayoifikia chupa hiyo kwa manufaa, mradi iwe na watu nyuma yake ambao wanapatikana hata usiku. Kwa sababu hiyo ninavitathmini vitu viwili kwa pamoja, yaani dawa yenyewe na timu ya tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mahututi na kuisaidia familia yake) inayoifikisha nyumbani, kama nilivyovifahamu nilipokuwa namuuguza baba yangu mkubwa, mzee wa zaidi ya miaka 70 ambaye saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Hospitali iliyotuhudumia sitaitaja.

Nikianza na dawa, ni unga wa mofini uliochanganywa na maji, kihifadhi kidogo na rangi, basi. Urahisi huo ndio uliowezesha dawa kufika vijijini katika ukanda huu. Dkt. Anne Merriman, ambaye awali alifanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha shirika la tiba shufaa la Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, na tangu siku za mwanzo aliitegemea mofini ya kunywa iliyotengenezwa humo humo kwa gharama ndogo, ili mgonjwa asilazwe kitandani hospitalini kwa ajili ya sindano tu. Mwaka 2004 Uganda ilipiga hatua nyingine kwa kuwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini bila kumsubiri daktari, jambo ambalo nchi nyingi zenye madaktari wengi kuliko Uganda hazijathubutu kulifanya. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa dawa hii kwa muda mrefu, kabla hospitali za mikoani hazijaanza kuichanganya zenyewe.

Kwa mzee, umbo la maji lina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa aliyechoka kumeza vidonge anaweza kupewa mililita chache pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kipimo kinaweza kupandishwa au kushushwa kidogo kidogo pasipo kukatakata vidonge. Kwa mtu wa umri huo kipimo cha kuanzia kwa kawaida ni miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, na mara nyingi cha usiku huongezwa mara mbili ili mgonjwa na anayemuuguza wote wapate kulala. Ladha yake ni chungu, na baba mkubwa aliilalamikia kila alipopewa, lakini malalamiko ya ladha yalikuwa nafuu mno tukilinganisha na yale ya nyonga yaliyotangulia. Siri ya dawa hii ni saa. Anayesubiri maumivu yarudi ndipo atoe dozi atakuwa anayakimbiza siku nzima, na hili timu ilitusisitizia hadi tukaandika ratiba na kuibandika ukutani.

Kasoro yake kubwa ni choo. Mofini hufunga choo kwa karibu kila anayeitumia, tena kasoro hii haizoeleki kama kichefuchefu au usingizi wa siku za kwanza, ambavyo kwa kawaida hupungua vyenyewe. Mgonjwa anayepewa mofini bila dawa ya kulainisha choo amepewa nusu ya tiba, na ninasema hivyo nikijua kwamba wapo wanaotoka hospitalini na chupa moja badala ya mbili. Uganda wauguzi wa tiba shufaa wamewahi kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa pale ambapo dawa ya dukani haipatikani. Jambo la pili ni figo. Figo za mzee zikidhoofika, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, na mgonjwa huanza kusinzia kupita kiasi, kushtuka misuli au kuona vitu visivyokuwepo. Dalili hizo zinahitaji simu kwa timu siku hiyo hiyo ili kipimo kipunguzwe, dozi zitenganishwe zaidi au dawa ibadilishwe.

Kuna pia hofu ya ndugu, na hofu hii haimo kwenye chupa bali vichwani mwetu. Shangazi alitamka wazi kwamba hiyo ni dawa ya kumsindikiza mtu, na kaka yangu akaogopa kwamba mzee atakuwa teja. Muuguzi hakuwacheka. Aliwaeleza kwamba mofini inayopimwa kulingana na maumivu na kuongezwa taratibu haifupishi maisha, na kwamba mwili kuizoea dawa si sawa na uteja, ndiyo maana dawa haikatishwi ghafla bali hupunguzwa kwa hatua. Shangazi hakukubali siku hiyo. Alikubali alipomwona kaka yake ameketi kibarazani akiuliza nani amehamisha redio yake.

Hapo ndipo thamani ya timu inapoonekana, kwa kuwa chupa peke yake isingeweza kujibu maswali ya shangazi. Muuguzi wa tiba shufaa aliyekuja nyumbani aliangalia kidonda cha mgongoni, akatufundisha kumgeuza mgonjwa bila kumvuta, kisha akauliza jambo ambalo hakuna daktari aliyekuwa ameliuliza: mzee anawaza nini usiku. Ikadhihirika kwamba aliwaza mpaka wa shamba ambao haukuwahi kuandikwa, akihofia wanawe watagombana. Mwenyekiti wa kijiji akaitwa, maandishi yakafanyika mbele ya mashahidi, na wiki hiyo kipimo cha dawa hakikuhitaji kuongezwa. Cicely Saunders, daktari wa Uingereza aliyefungua kituo cha tiba shufaa cha St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana sehemu ya mwili, ya moyo, ya jamii na ya imani. Nilikuwa nikiyaona kuwa ni maneno ya darasani mpaka nilipoushuhudia mpaka wa shamba ukituliza nyonga.

Sasa nifike kwenye udhaifu, na udhaifu wenyewe ni wa usiku. Timu iliyotuhudumia inafanya kazi saa za ofisi, siku za juma. Maumivu yalipopanda Jumamosi usiku na simu ya kitengo ikaita bila kupokelewa, tulibaki na njia moja tu, nayo ni idara ya dharura. Sina ugomvi na idara za dharura. Muhimbili ilipofungua ya kwake mwaka 2010, ikaambatana na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo, watu wengi waliopata ajali, shambulio la moyo au kiharusi walipata nafasi ya kuishi ambayo zamani haikuwapo. Lakini idara ya namna hiyo imejengwa kutafuta kilichoharibika na kukirekebisha haraka, na mzee wetu hakuwa na kitu cha kurekebishwa. Alichukuliwa damu, akapigwa picha, akatundikiwa dripu, akasimuliwa upya mbele yake ugonjwa wake kana kwamba ni habari mpya, na kwa saa nyingi hakupewa mofini kwa sababu aliyekuwa zamu hakuliona faili la tiba shufaa lililokuwa ndani ya hospitali hiyo hiyo. Alichohitaji ni dozi moja ya ziada, ambayo tungeweza kumpa nyumbani kama tungeandikiwa mapema.

Usafiri nao ni tatizo la peke yake. Namba 115 ya mpango wa m-mama imeokoa wajawazito na watoto wachanga kwa kupanga hata magari ya watu binafsi pale gari la wagonjwa linapokosekana, na mtu hutamani mzee naye angekuwa na mpango kama huo. Sisi tulikodi teksi, na mashimo ya barabara yakamtesa kuliko ugonjwa.

Si kwamba kila tatizo la usiku limalizwe nyumbani. Saratani ya tezi dume ikiwa kwenye uti wa mgongo inaweza kuubana uti huo, na mgonjwa akianza kuhisi miguu inaishiwa nguvu, ganzi inapanda, au mkojo umegoma ghafla, anatakiwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo apewe deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, na apangiwe tiba ya mionzi, kwa sababu miguu ikishapooza kabisa ni nadra kurudi. Timu ilitufundisha tofauti hiyo katika ziara ya kwanza, kwa lugha ya kawaida, na iliyarudia maelezo hadi mjukuu wa darasa la saba akaweza kuyasema. Kwangu hiyo ndiyo kazi yao bora kuliko zote.

Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na dirisha la wazee lilitusaidia kuikwepa foleni. Gharama halisi ilikuwa nauli, kwa kuwa chupa hutolewa ya muda mfupi na lazima mtu aifuate.

Kwa hiyo dawa naipa alama za juu kabisa, na ziara za nyumbani karibu sawa na hizo. Huduma ya usiku naiona imefeli. Kwa familia itakayokabidhiwa chupa hii, naishauri isiondoke dirishani bila vitu vitatu vilivyoandikwa: kipimo cha dozi ya ziada maumivu yakipanda kabla ya saa yake, namba ya simu ya mtu anayepokea baada ya saa za kazi, na muhtasari wa ukurasa mmoja wenye sahihi ya daktari, unaotaja ugonjwa, dawa na matakwa ya mgonjwa, wa kumwonyesha yeyote atakayekuwa zamu idara ya dharura. Kwetu muhtasari huo uliandikwa baada ya usiku ule wa Jumamosi, na safari iliyofuata ya dharura, ya mkojo kuziba, mzee alihudumiwa, akawekewa mpira wa mkojo na kurudishwa nyumbani kabla ya saa ya dozi yake.