Kliniki ya wajawazito Igoma: foleni mbaya, nesi mzuri

Nilifika saa moja na nusu asubuhi, nikaitwa saa tano. Benchi la mbao, feni limekufa, choo usiseme. Hapo nawakata nyota mbili.

Ila yule nesi! Mimba ina wiki 28, nikipanda kilima cha nyumbani nahema kama nimebeba gunia la dagaa. Akanitoboa kidole kupima kiwango cha damu: 9.8. Akasema mjamzito anatakiwa 11 kwenda juu. Maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, ndiyo maana damu huwa nyepesi, lakini yangu imezidi kuwa nyepesi. Akanipa vidonge vya madini chuma, tena nisivishushie na chai (na mimi chai ndiyo ugonjwa wangu).

Kisha akaweka kifaa tumboni: du-du-du-du, mapigo 146 kwa dakika. Nikamuuliza mtoto anapumuaje humo kwenye maji. Akacheka: “Mama kijacho, mapafu yake bado hayajaanza kazi. Oksijeni anaipata kwenye damu yako, kupitia kondo la nyuma na kitovu.”

Mwezi ujao narudi, ila na mto wangu wa kukalia.