Motohomu pwani ya Oregon: raha ipo, lakini nendeni na gari dogo pia

Tangu turudi kutoka pwani ya Oregon, kila mtu hapa Tacoma, jimbo la Washington, ananiuliza bei, basi nianze na hiyo. Anayekodi motohomu, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, kwa nia ya kuokoa pesa ataokoa kidogo sana, au hataokoa kitu. Bei inayotangazwa ni ya gari tupu. Juu yake kuna malipo ya kila maili, ya kila saa jenereta inapowaka, ya mashuka na vyombo, ya usafi, na bima. Halafu mafuta. Gari lenyewe linakwenda maili 8 hadi 10 kwa galoni, na tangi lake ni galoni 55, kwa hiyo kila ukisimama kituoni mfuko unalia. Na bado hujalipa pa kuegesha usiku. Mbuga za jimbo la Oregon zina nafasi nzuri zenye umeme na maji, lakini tangu 2022 mgeni wa jimbo jingine mwenye motohomu hutozwa asilimia 25 zaidi. Sisi wa Washington tuko jirani pale pale ng'ambo ya mto, lakini hatusameheki.

Hata hivyo ningekwenda tena kesho, na sababu kubwa ni mavyaa wangu.

Tulikuwa watu saba: mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, mavyaa, wifi yangu na mumewe. Mavyaa ana umri wa kutosha, magoti yanamsumbua, anataka choo karibu, chai yake ya tangawizi saa anayoitaka yeye, na sala kwa wakati. Safari za gari dogo na hoteli kwake ni adhabu: kutafuta choo kila kituo, kula mkate baridi, kupandishwa ngazi. Ndani ya motohomu alikaa mezani na mkanda wake, dirisha kubwa mbele yake, na tukisimama popote choo kiko hatua tatu. Nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu, "Mwenzangu, nimepakiwa na nyumba yangu." Hoteli gani ingenipa maneno hayo?

Tulichukua daraja C, ile yenye kichwa cha lori na kitanda juu ya dereva, urefu futi 30. Leseni ya kawaida inatosha. Tangazo lilisema inalala watu saba. Kulala ni jambo moja na kusafiri ni jingine: kabla hamjalipa, ulizeni viti vyenye mikanda ni vingapi, na vinaelekea wapi. Sisi tuliambiwa sita, kwa hiyo wifi na mumewe wakafuata nyuma na gari lao dogo. Mwanzoni walinung'unika. Kufikia mji wa Newport lile gari dogo ndilo lililokuwa linagombaniwa.

Kwa nini? Kwa sababu motohomu ikishafika kambini, ukaisawazisha kwa vile vibao vya kuwekea chini ya magurudumu, ukachomeka umeme, ukaunga mpira wa maji, imekuwa nyumba. Ukikumbuka umesahau maziwa, itabidi uvunje nyumba yote: vyombo viingie makabatini, makabati yafungwe, nyaya na mipira ikunjwe, ngazi iinuliwe. Ukifika mjini, futi 30 haziingii kwenye nafasi ya kuegesha ya mtu yeyote. Na gari dogo linaweza kwenda yale maeneo ya kutazama bahari ambayo uwanja wake ni mdogo. Watu wanaokwenda wengi waweke hili mbele ya mambo yote: motohomu moja na gari dogo moja, si motohomu mbili.

Sasa kampuni. Siitaji jina. Kijana aliyetukabidhi gari alikuwa na haraka, akatuonyesha vitufe mbio mbio, akasema friji "inajibadilisha yenyewe" kutoka umeme kwenda gesi tukiwa njiani. Haikujibadilisha. Kutoka Tacoma hadi Astoria ni kama saa mbili na nusu, na sisi tulisimama sana. Tulipofungua friji jioni, nyama yote ya halali tuliyonunua Kent, jirani na Tacoma, na kuigandisha ilikuwa imelainika. Simu ya msaada iliita, ikaita. Aliyepokea mwisho akatuelekeza kitufe ambacho hatukuonyeshwa. Basi usiku wa kwanza, badala ya kupumzika, mimi na wifi tulipika nyama yote: nusu pilau, nusu mchuzi mkavu. Majirani wa kambini walikuja kunusa, mmoja akaondoka na sahani. Lakini nasema wazi: msiondoke ofisini kabla hamjaona kwa macho yenu friji inawaka kwa gesi, pampu ya maji inavuta, na moto wa jiko unakaa. Pigeni na picha za kila mkwaruzo, nje na ndani.

Neno kuhusu maji, maana sisi ni watu wa maji. Tangi la maji safi lilikuwa galoni 40 hivi, na mtungi wa kuchemshia ni mdogo, anayeoga wa pili anapata uvuguvugu. Choo chetu kina kopo lake, kwa hiyo tangi la choo lilijaa haraka kuliko kitabu kilivyosema. Dawa ni kuoga kwenye mabafu ya kambi. Mbuga za Oregon zina maji moto na wageni wa kambini hawalipi. Kumwaga uchafu ni kazi ya mume wangu na shemeji, na walipata mtindo: vali ya tangi la choo ikae imefungwa hadi lijae vizuri, kwa sababu ukiiacha wazi maji hutangulia na kilicho kizito hubaki. Mwaga la choo kwanza, kisha lile la sinki na bafu lisafishe mpira. Vaeni glavu, na fanyeni kabla ya chai ya asubuhi.

Njia sasa. Pwani nzima ya Oregon ni maili 363. Sisi tulifuata barabara ya 101 kutoka Astoria mpaka Florence tu, chini ya maili 200, na hilo lilitosha. Nendeni kutoka kaskazini kwenda kusini. Bahari inakuwa kulia kwenu, na kila pa kusimama mnaingia bila kukata njia ya magari yanayokuja. Kwa dereva wa gari refu hilo ni faraja kubwa. Barabara ni ya njia mbili kwa sehemu nyingi, ina kona, upepo, na handaki kule Arch Cape ambalo watoto walipiga kelele wakati wote. Daraja la Astoria, lililofunguliwa 1966, ni kama kilomita 6.6 juu ya mto Columbia. Mume wangu hakusema neno mpaka tulipofika ng'ambo.

Fort Stevens, mbuga ya jimbo karibu na Astoria, tulilala karibu na mabaki ya meli Peter Iredale, iliyokwama mchangani 1906 na mbavu zake za chuma ziko pale hadi leo. Tillamook kila mtu anasimama kwa jibini na aiskrimu, nasi tukasimama, na nafasi ya magari marefu ipo. Hapo sina zaidi ya kusema. Depoe Bay ni pengine: mnasimama kando ya ukuta wa barabara, bila kulipa, na nyangumi wa kijivu wanapuliza maji mbele yenu. Baadhi ya nyangumi hao hukaa pale msimu wote wa kiangazi. Mavyaa aliwaona kupitia dirisha lake na hakushuka.

Kambi niliyoipenda ni Beverly Beach, kaskazini kidogo ya Newport. Barabara ya 101 inapita juu, na ninyi mnapita chini ya daraja lake kwa miguu, mnatokea ufukweni. Tulikaa hapo siku kadhaa bila kuisogeza motohomu. Asubuhi ukungu, mchana upepo, jioni jua. Maji ni ya barafu, hata Agosti. Mtu wa Mombasa akiyakanyaga anarudi mbio. Watoto msiwaachie kugeuzia bahari mgongo, na wasipande magogo yaliyo karibu na maji: mawimbi makubwa huja ghafla na kuyaviringisha. Mabango ya buluu ya njia za kukimbia tsunami si mapambo pia.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hakuna geti. Oregon ina sheria ya 1967, iliyotiwa saini na gavana Tom McCall, inayolinda haki ya watu wote kutumia ufuo, hata mbele ya nyumba za matajiri na hoteli. Nimekulia Nyali, Mombasa. Ufuo ni wa umma kwa sheria, lakini njia za kufikia maji zimemezwa moja moja na kuta za hoteli na majumba, mpaka mwenyeji anazunguka kama mgeni. Pale Oregon nilitembea maili na hakuna askari aliyeniuliza ninatafuta nini.

Newport kwenye gati, wakati wa kiangazi, wavuvi huuza jodari moja kwa moja kutoka mashuani. Shemeji alileta mmoja mzima kwa gari dogo. Tukamchoma juu ya moto wa kambi, tukampaka tui zito la nazi, ndimu na pilipili. Kaa wao pia ni maarufu, wifi alinunua, lakini mavyaa hali kaa na hataki sufuria iliyopikiwa kaa, kwa hiyo kaa alipikwa nje. Mambo kama haya hoteli haiyawezi.

Na sala: kibla huko ni kaskazini, kikipinda kidogo tu mashariki. Mavyaa alikuwa amejiandaa kutubishia simu zetu, lakini alipoona ni kaskazini akaridhika, kwa kuwa ndiyo kibla aliyoizoea Mombasa. Ndani kuna nafasi ya mkeka mmoja, kwa hiyo mume wangu alijifunza kuegesha gari huku akifikiria mwelekeo wa ujia. Mkipewa hiari ya nafasi kambini, angalieni na hilo.

Kambi ya Honeyman, karibu na Florence, ni ya watoto: wanateleza kwenye matuta ya mchanga na kuangukia ziwani, na maji ya ziwa hilo yana joto kuliko bahari. Kimya ni kuanzia saa nne usiku, na wanamaanisha.

Nafasi za kambi hufunguliwa miezi 6 kabla, na za Julai na Agosti huisha haraka, kwa hiyo shikeni kambi kwanza ndipo mkodi gari. Siku ya kurudisha, mwageni matangi na mjaze mafuta kabla ya kufika ofisini kwao. Sisi tulifanya yote hayo, na bado walitaka kututoza harufu ya vitunguu. Mume wangu akawaonyesha ujumbe wetu kuhusu friji, na ile harufu ikasamehewa.